Kilichobaki Kwenye Tope

Charles Darwin aliwahi kuchota vijiko vitatu vikubwa vya matope kwenye ukingo wa kidimbwi kidogo huko Uingereza, akayatia kwenye kikombe kimoja, akakifunika na kukiweka katika chumba chake cha kusomea kwa miezi sita. Kila mche uliochomoza aliung'oa na kuuhesabu. Alipofika mwisho alikuwa na miche 537. Kikombe kimoja, jamani. Habari hiyo imo katika kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya spishi, na aliitaja kwa shughuli nyingine kabisa: alitaka kuonyesha kwamba ndege wa majini wanaweza kusafirisha mbegu hadi mbali kwa miguu iliyoganda tope.

Mimi nilikutana na kikombe hicho nikitafuta riziki. Naandika makala za mtandaoni, nalipwa kwa neno. Wiki hii magodoro, wiki ijayo namna ya kuondoa madoa ya kahawa kwenye kapeti jeupe, na sisi nyumbani tuna sakafu ya simenti. Mwaka 2022 mteja mmoja wa Kanada aliagiza maneno 600 kuhusu mbegu za bustani, nikasoma kuliko nilivyolipwa. Makala yenyewe ilikwisha kwa siku moja. Kikombe kilibaki kichwani.

Kilibaki kwa sababu mwaka huo silanga yetu ilikuwa imekauka.

Kwa wale mliozoea maji ya mfereji: silanga ni bwawa la kuchimbwa la kukinga maji ya mvua. Neno tumelipata kwa Wakamba, na hata kule Kibera kuna mtaa unaoitwa Silanga, karibu na lile Bwawa la Nairobi. Yetu iko chini ya kilima cha Sagalla, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Voi mjini. Mbuzi wanakunywa hapo. Akina mama wanateka maji ya kufulia. Ndovu nao wanakuja usiku wanapopata upenyo, ndiyo maana baadhi ya mashamba ya huku yana uzio wa mizinga ya nyuki, ndovu akiugusa nyuki wanatoka kumuuliza anaenda wapi.

Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Mliona picha za ng'ombe. Serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini kati ya Februari na Oktoba 2022, na sisi tunaoishi kando ya Tsavo hatukuhitaji kuhesabiwa, harufu ilitosha. Bwawa la Aruba ndani ya Tsavo Mashariki, lililojengwa mwaka 1952 kwa kuziba Mto Voi, ni la kwanza watu wa hapa kulitaja wakizungumzia ukame, maana ukame ukizidi nalo hukauka, likabaki uwanja wa udongo uliopasuka. Silanga yetu ni ndogo mara nyingi zaidi. Iligeuka kuwa kitu kama sahani ya udongo iliyovunjika, na watoto walicheza mpira katikati.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani mwaka uliotangulia. Nilikuwa mwaka wa tatu, nikisomea ualimu, karo ikakatika, na karo ikikatika hakuna mjadala. Barua ilisema nimeahirisha masomo. Neno zuri hilo, kuahirisha. Linakufanya uonekane kama mtu aliyesukuma mkutano hadi Jumanne. Nikaja kukaa na Nyanya (wa damu, si wa kachumbari), ambaye hakuniuliza hata mara moja nitarudi lini. Wengine wote waliuliza.

Basi siku moja nikachukua karai na jembe, nikashuka hadi katikati ya silanga, nikabandua vipande vya juu vya ule udongo uliokauka, nikarudi navyo. Nyanya aliniangalia kama anavyomwangalia mtu aliyeleta nyumbani jiwe.

Nilikata ndoo tatu za rangi nikapata beseni tatu. La kwanza nililowesha tope likawa majimaji tu, kama ukingo wa bwawa maji yanapoanza kushuka. La pili nilijaza maji hadi yakapanda juu ya tope kiasi cha shibiri. La tatu nililowesha kama la kwanza, halafu nikalifunika kwa udongo wa shambani niliokuwa nimeuchoma kwenye moto, unene wa vidole vinne, mbegu zisione jua. Maji yalikuwa ya kununua, shilingi kwa mtungi, kwa hiyo mjue haikuwa mchezo wa mtu asiye na shughuli. Au tuseme ilikuwa, lakini wa gharama.

Wiki ya pili beseni la kwanza likaanza kuwa na rangi. Kwanza vijani vyembamba kama nyuzi, ambavyo baadaye vilikuwa ndago. Kisha mchicha. Kisha vitu nisivyovijua, Nyanya akiviita kwa majina ya Kisagalla ambayo sijawahi kuyaona yameandikwa popote. Nilihesabu hadi arobaini na kitu, nikaacha, maana vilikuwa vimesongamana na Darwin hakuwa na mbuzi nyumbani. Beseni la maji lilitoa mimea michache ya kuelea chini chini, laini, kama nywele. Lile lililofunikwa halikutoa kitu.

Tope lile lile, karai moja. Nilikaa chini nikaanza kusoma, safari hii bila mteja.

Wanasayansi wanaiita benki ya mbegu, na tofauti na zile za mjini haikuulizi mshahara wala mdhamini. Kila mmea unaoota ukingoni hudondosha mbegu, nyingine huletwa na upepo, na miguu ya ndege na kwato, na mafuriko ya kila mvua. Mashapo yanazifunika. Nyingi huoza au huliwa. Zinazobaki zinalala. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, Arnold van der Valk na Craig Davis, walichapisha kazi yao kuhusu mabwawa ya nyanda za Iowa. Walifanya kwa utaratibu mzuri kile nilichofanya mimi kwa ndoo za rangi: tope la bwawa, sehemu ikiwa nyevu bila maji juu, sehemu chini ya maji ya kina kifupi, halafu unahesabu. Mbegu zilikuwa makumi ya maelfu kwa mita moja ya mraba, kwenye tabaka jembamba la juu. Na kila hali ya maji iliamsha kundi lake. Bwawa likijaa huota mimea ya kuzama. Likishuka huota ya tope na matete. Likijaa tena, ya tope hufa, lakini imeshaweka akiba yake chini.

Swali lililonikosesha usingizi ni jinsi mbegu inavyojua. Haina macho, iko gizani, juu yake kuna maji. Jibu ni kwamba inasoma vitu vichache tu, na inavisoma vizuri. Mwanga ndio mkubwa. Mbegu nyingi za majimaji ni ndogo kama chembe ya unga, hazina chakula cha kuzitosha kupanda kutoka chini sana, kwa hiyo zinasubiri ziguswe na jua kwanza. Udongo wa unene wa kucha chache unatosha kuzinyima. Halafu kuna hewa: tope lililozama halina oksijeni karibu kabisa, lililofunuliwa linapumua. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni joto. Maji ni blanketi, chini yake mchana na usiku vinakaribiana. Maji yakiondoka, tope linachomeka saa nane mchana na kupoa alfajiri, na mbegu inaisoma tofauti hiyo. Yaani mbegu haingoji joto. Inangoja joto lipande na kushuka.

Sasa fikiria ndovu anapoingia kwenye tope la namna hiyo. Kila hatua inazamisha mbegu fulani na kufukua nyingine zilizokuwa ndani sana. Sisi tulikuwa tunaona uharibifu tu.

Kenya yenyewe ina mfano wake maarufu, Naivasha. Ziwa lile liliposhuka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasayansi John Gaudet alifuatilia kilichoota kwenye tope lililoachwa wazi, akachapisha mwaka 1977. Mafunjo hayaanzi maisha ndani ya maji marefu hata ukiyabembeleza. Mbegu zake huchipua kwenye tope nyevu lililofunuliwa, yanasimama mstari kufuata ukingo, na maji yanaporudi yanainuka nayo, mengine yakikatika na kuwa visiwa vinavyoelea. Ule msitu wa kijani ambao watalii huupiga picha kutoka kwenye mashua ulianza siku maji yalipokimbia. Mtu wa kawaida akiona ziwa limeshuka anaona msiba tu.

Nakatiza kidogo, kwa sababu najua baadhi yenu mmeshaanza kuniwekea maneno mdomoni. Kuna watu wa motisha huko mitandaoni wanaopenda sana kumwambia kijana aliyekwama kwamba yeye ni mbegu. Amezikwa, atachipua. Shangazi yangu alinitumia video ya aina hiyo kwa WhatsApp mara tatu, labda alidhani ya kwanza haikufika. Mimi baada ya mabeseni yale siitaki hiyo mifano. Mbegu nyingi zilizozikwa zinafia pale pale. Nyingine zinaamka na mvua ya uongo ya siku mbili, jua linazimaliza. Na zile zinazochipua hazikuvumilia chochote, maji tu yalishuka. Kama kuna mtu wa kusifiwa hapo ni aliyeshusha maji. Kwa upande wangu maji ni karo, na hayo hayashuki kwa video.

Wapo waliopima subira hiyo kwa miaka. Mwaka 1879 William Beal, mwalimu wa botania huko Michigan, alizika chupa 20 zenye mchanga na mbegu za magugu, ili zifukuliwe moja moja. Yeye alishakufa, kazi imeendelezwa na wanaompokea. Chupa ya karibuni ilifukuliwa Aprili 2021, kabla ya mapambazuko, watu wakitumia taa za kijani ili mbegu zisione mwanga zinaoujua. Baadhi yake ziliota, baada ya miaka 142. Zimebaki chupa nne na ya mwisho inasubiriwa mwaka 2100. Kuna pia mbegu za yungiyungi wa Asia kutoka tope la ziwa lililokauka kaskazini mashariki mwa China, zilizoota zikiwa na umri wa takriban miaka 1,300. Hizo ni za ajabu, zina ganda kama risasi. Mchicha wa Nyanya hauwezi hayo. Lakini miaka kadhaa ya ukame, huo unaweza.

Na tope halichagui mema. Nilienda Ziwa Jipe, kule Taveta mpakani na Tanzania, kwa sababu nilitaka kuona maji makubwa na pia nilikuwa nimelipwa. Ni ziwa la kina kifupi, Mto Lumi unalijaza kutoka upande wa Kilimanjaro, na linamwaga kupitia Mto Ruvu kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Kuna samaki wa jamii ya ngege ambaye jina lake la kisayansi limebeba jina la ziwa, Oreochromis jipe. Lakini kinachokupokea ni tifa, lile tete refu lenye kichwa cha kahawia kama soseji iliyochomekwa kwenye kijiti. Mto unaleta udongo, udongo unainua sakafu, kina kinapungua, tifa linasogea. Kichwa kimoja kina mbegu zaidi ya laki moja, nyepesi kama vumbi, na likishashika linatambaa kwa mizizi bila kungoja mbegu tena. Mvuvi mmoja alinionyesha mahali baba yake alipokuwa akisukuma mtumbwi. Palikuwa pamesimama ukuta wa majani. "Hapa tumefyeka," akasema, "tumefyeka, tumechoka." Gugumaji nalo, lile la Ziwa Victoria, mbegu zake zinaweza kulala kwenye tope hata miaka 20, kwa hiyo ukiling'oa lote leo mjukuu wako bado ana kazi.

Nayasema haya kwa sababu mwaka 2023 nilisimama kwenye baraza kutetea matope, na sikutaka niwe nimedanganya mtu.

Habari zilikuja katikati ya mwaka: mvua kubwa inatarajiwa, kumepatikana pesa, na tingatinga la mkono mrefu linakuja kuchimbua silanga. Kila mtu alifurahi, hata mimi. Miaka ya mashapo ilikuwa imeifanya silanga kuwa beseni la kunawia miguu. Mpango ulikuwa kukwangua yote, chini na kingo zote, udongo ukatupwe ng'ambo ya barabara. Tatizo ni kwamba tulikuwa na mfano. Silanga moja si mbali na hapa ilikwanguliwa hivyo hivyo hadi ikang'aa. Ikajaa, ikapendeza kwenye picha. Kingo zake nyekundu hazikuota kitu, kila mvua ikazimegua zikaingia ndani, na akina mama waliokuwa wakichuma mboga ukingoni wakati wa kiangazi wakakosa pa kuchuma.

Hapo ndipo penye Nyanya. Januari na Februari, maji yakishuka na shamba likiwa halina kitu, ukingo wa silanga ndio sukumawiki yake. Mchicha, mnavu, na yale majani ya Kisagalla. Anachuma, anafunga mafungu, mengine yanaenda sokoni Voi kwa bodaboda. Si pesa za kujengea. Ni pesa za mafuta ya taa na za salio langu la intaneti, ambalo ndilo linaloleta magodoro, ambayo ndiyo yanaleta unga. Hakuna aliyeliandika shamba hilo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo aliyepanga kazi hakuliona.

Nilibeba beseni la kwanza hadi kwenye baraza, likiwa na ndago zilizokauka na kuota tena. Nikasema tunaomba tabaka la juu, kiasi cha shibiri, liwekwe kando lisitupwe, na upande mmoja, ule maji yanapoingilia, usiguswe kabisa. Mzee mmoja, ninamheshimu, akauliza kwa upole kabisa: "Haya umesomea wapi, mwanangu? Si ulisema chuo kiliisha?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, ndiyo namna.

Nyanya alisimama. Hakutaja Darwin. Alisema: "Nyinyi mnakula hiyo mboga kila Februari. Mkishakwangua, Februari mtakula tingatinga?" Akakaa.

Tulipata nusu. Upande wa kuingilia maji uliachwa kwa sababu, nadhani, dereva wa mashine alichoka kusikia kelele. Tabaka la juu la pande zingine halikuwekwa kando, lilipakiwa na kutupwa pamoja na mengine yote. Jioni hiyo tulivuka barabara, mimi na wanawake sita, tukatafuta kwenye yale malundo vipande vya juu, vile vyeusi vyenye mizizi, tukarudi navyo kwa makarai na mkokoteni mmoja wa kukodi. Tulivitandaza kwenye ukingo mwekundu, vipande vipande, mpaka giza. Ukingo ni mrefu. Tulifunika labda sehemu kumi ndogo, kila moja saizi ya mkeka.

Mvua za mwishoni mwa 2023 zilikuja kwa hasira, kama mnavyokumbuka. Silanga ilijaa hadi juu, ikafunika ukingo, mikeka yetu na kila kitu. Niliogopa kwamba tope lilisombwa. Kwa wiki kadhaa hapakuwa na cha kuona isipokuwa maji na mabata.

Februari 2024 maji yakaanza kushuka, hatua moja, kisha nyingine. Upande ulioachwa ulibadilika kwanza, kijani kilichopauka, kisha kilichokolea. Ukingo uliokwanguliwa ulibaki mwekundu. Kwenye ile mikeka kumi, minne ilikuwa imesombwa haionekani. Mmoja ulikuwa umejaa kitu chenye miiba ambacho Nyanya alikikata kwa panga papo hapo bila kuniambia ni nini. Mitano iliyobaki ilikuwa imeota, mistatili ya kijani kwenye udongo mtupu, imekaa vibaya kama viraka kwenye suruali. Mtu anayepita kwa pikipiki angedhani kuna aliyepanda kwa fujo.

Nyanya aliinama kwenye kiraka cha karibu. Akachambua ndago kwa vidole akazitupa pembeni, akaanza kuchuma mchicha, akiuweka kwenye upindo wa leso. Alipopata wa kutosha sufuria moja alinyooka, akashika kiuno, akaniuliza kama nilikumbuka kununua nyanya.